Mashini ya zamani, RAM 2 GB, Windows 7: niweke ofisi gani ya bure?

mwalimu_kadutu (Bukavu)
Bandugu habari zenu, naomba munisaidie. Mi ni mwalimu wa primeri huku Bukavu, mashini yangu ni ya zamani, Core 2 Duo, RAM 2 GB, Windows 7, niliipata okazioni na bado inatumika vizuri nikiifanyia tu mambo ya kuandika. Mwezi uliopita kijana mumoja aliniwekea Word na Excel za kukraki kutoka kwa flashi yake, haikupita siku mbili mafoda yote ya flashi yangu ikageuka tumishale-mishale, ukigonga hakuna kitu kinafunguka, na pointi za darasa langu njo zilikuwa mule, watoto 54. Heri nilikuwa nimeziandika pia kwa daftari, nikazirudilia moja moja usiku mbili, umeme umeenda, batiri inanionesha nusu saa tu. Tangu pale kitu cha kukraki sitaki tena kwa mashini yangu.

Sasa nauliza, ofisi gani ya bure itaenda kwa mashini kama hii? Kazi yangu ni pointi, maswali ya mitihani, na barua za wazazi. Kisha napelekaka kwa sekretaria kuimprime, na kule wako na Word. Wengine wananiambia LibreOffice, wengine OpenOffice, wengine WPS. Mega nanunuaka kidogo kidogo, kwa hiyo nikidaunlodi nataka nisikosee.

fundi_birere (Goma)
Mwalimu pole sana, hiyo virusi ya flashi tunaionaka hapa kila wiki. Mara nyingi mafaili hayajapotea, yamefichwa tu, usiformati hiyo flashi kwanza, ipeleke kwa mutu anayejua ayaoneshe.

Kwa ofisi, weka LibreOffice, lakini angalia sana vershoni, hapa njo watu wengi wanapotezaka mega. Ukienda kwa saiti yao utapewa ya mupya kabisa, na kuanzia 25.8, iliyotoka mwaka 2025, Windows 7 na 8 haziikubali tena. Utadaunlodi MB karibu 350 kisha itakukatalia mulangoni. Wewe tafuta 25.2, njo ya mwisho inayokubali Windows 7, za zamani zote ziko kwa downloadarchive.documentfoundation.org. Mbele ya kudaunlodi bonyeza kulia kwa Ordinateur, Propriétés, uangalie kama Windows yako ni biti 32 ao 64, maana mafaili ni tofauti. Uangalie pia iwe na Service Pack 1, ile apdeti kubwa ya Windows 7, na ile kadogo inaitwa KB3063858, bila hiyo LibreOffice hailali kwa Windows 7. Ni kafaili kadogo, kachukue siku ile ile.

Wakati wa kuweka, usigonge tu Suivant Suivant. Chagua Personnalisée, toa zile diksionari za luga usizotumia, acha Kifaransa, na Kiswahili pia iko mule, mi nimeiacha kwangu na inanisaidiaka kwa barua za kanisa. Base, ile ya database, usiiweke kama hauna kazi nayo. Ikisha kuingia, enda Outils, Options, LibreOffice, Affichage, utoe kile kialama cha Skia, njo kitu kinachochora skrini ya LibreOffice. Kwa kadi za zamani za skrini ile kitu inafanya skrini inagwandagwanda, mimi nilifikiri mashini ya klienti imekufa kumbe ni hiyo tu. Na Java, ile programu ya kando, usijisumbue nayo, kuandika na kuhesabu haviihitaji.

kaka_wa_katuba (Lubumbashi)
Jambo bandugu ba Bukavu. Mi niko na kamashini ka zamani kupita ka mwalimu, RAM 1 GB, Windows XP, na niliweka Apache OpenOffice, inaenda bila shida. Kudaunlodi kwake haifike hata nusu ya LibreOffice. Mwalimu, kama mega njo shida, mbona usijaribu hiyo?

mama_sekretaria (Bukavu)
Kaka wa Katuba, kwa XP uko na haki, kule LibreOffice ya siku hizi haiingie. Lakini kwa mwalimu mi nasema apana, na naongea kama mutu anayepokea flashi za watu toka asubuhi mpaka jioni. OpenOffice inafungua docx, ile aina ya faili ya Word, lakini haiandike docx. Mutu anarekebisha kazi yake, inamutolea odt, aina ya OpenOffice yenyewe, ao doc ya zamani, anakuja kwangu mbio saa ya kufunga, nafungua kwa Word tablo imekimbia, kichwa cha swali kimebaki chini ya ukurasa wa 2 na swali lenyewe liko ukurasa wa 3, tunaanza kupanga pamoja na foleni iko nyuma yake. LibreOffice inaandika docx. Tena OpenOffice tangu 4.1 ya mwaka 2014 wanaipigiaka viraka tu, wale wengi waliokuwa wanaitengeneza walitoka mwaka 2010, njo hao walizaa LibreOffice.

Na jambo lingine, mwalimu, hili nalishika sana. Mara nyingi karatasi inaharibika sababu ya aina ya maandishi (police), si sababu ya programu. Unaandika na Calibri, na Calibri ni ya Microsoft, kwa LibreOffice wanakuwekea Carlito pa nafasi yake, upana wa herufi ni ule ule kwa hiyo mistari haihame. Lakini ukichagua yale maandishi ya mapambo uliyoyaona kwa mashini ya mwenzako, kwangu hayako, Word inaweka ingine na ukurasa unavimba. Mi juzi nilipokea ratiba ya masomo, ukurasa mumoja tu, ikafunguka kurasa 2 na mustari wa jumamosi uko peke yake kwa ya pili. Chukua Liberation Serif, inalingana na Times New Roman, hautapata tabu.

Lakini njia ya kulala usingizi ni PDF. Ukimaliza, gonga kile kitufe cha PDF pale juu, uniletee hiyo. Naifungua, naimprime, unaenda zako, dakika 2.

mwalimu_kadutu
Aksanti sana mama. Swali, nikikuletea PDF na direkteri akaona kosa pale pale, tutarekebisha na nini?

mama_sekretaria
Leta vyote mbili kwa flashi, PDF ya kuimprime na docx ya kurekebisha. Kuna pia njia nzuri watu wengi hawaijue, kwa Exporter au format PDF kuna mahali pa kugonga wanaita Hybride, inaficha kazi yako yenyewe ndani ya PDF, ukirudi nayo nyumbani LibreOffice inaifungua unaandika tena kama kawaida. Kwangu mi nitaiona kama PDF ya kila siku.

mwanafunzi_isp (Bukavu)
Mi natumia WPS, inafanana na Word kabisa, hata rafiki yangu hakujua ni ingine. Lakini ya bure iko na matangazo, na inapenda kuuliza ufungue akaunti, na kwa RAM 2 GB nasikia uzito wake. ONLYOFFICE, ofisi ingine ya bure, nilijaribu kwa mashini ya kaka yangu, docx inatoka safi sana, ila ile inataka mashini yenye nguvu. Kwa kazi ya pointi na mitihani mi pia nasema LibreOffice. TFC yangu yote, ile kazi ya kumaliza masomo, niliiandika mule, kurasa 60 na kitu, meza ya yaliyomo ilijipanga yenyewe.

Ila muambieni mwalimu mambo ya umeme! LibreOffice inajihifadhiaka yenyewe kila dakika 10, na kwa batiri ya nusu saa dakika 10 ni nyingi. Outils, Options, Chargement/enregistrement, Général, weka dakika 2. Pale pale chini kuna kuchagua aina ya faili, weka ile ya Word (docx) kwa maandishi na ile ya Excel (xlsx) kwa hesabu, na hautasahau tena.

fundi_birere
Kweli kabisa. Na pale pale kuna Toujours créer une copie de sauvegarde, igonge pia, faili ikiharibika umeme ukienda unabaki na ile ya mbele yake. Mwalimu, siku moja ukipata dola kidogo weka SSD, ile diski ya mbio, ao ongeza RAM ifike 4 GB, hiyo itakusaidia kuliko programu yoyote. Na hii Windows 7 Microsoft waliiacha tangu januari 2020, usiifanyie mambo ya pesa kwa intaneti. Kuko Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa pa nafasi ya Windows, inakuja na LibreOffice ndani tayari, lakini usiianze katikati ya mitihani, ngoja vakansi.

mwalimu_kadutu
Bandugu narudi. Niliangalia, ni biti 64, Service Pack 1 iko, KB haikuwepo nikaichukua kwanza. Nikadaunlodi 25.2 kwa siberi, nikaileta kwa flashi mupya. Mara ya kwanza kufunguka inachelewa, nilihesabu karibu nusu dakika, kisha inatembea. Skia nimetoa, dakika 2 nimeweka. Leo asubuhi nimepeleka maswali ya hesabu ya mwaka wa 5 kwa PDF, kopi 54, hakuna mustari uliohama, hata yale masehemu ya namba moja juu ya ingine yametoka vizuri.

Fundi, na ile flashi ya zamani mafaili yalikuwa mule kweli, yamefichwa tu. Pointi za muhula wa kwanza nimezipata zote, nalinganisha sasa na daftari.