Mjadala: Sayansi za msingi zipimwe hadi mwaka wa tano, zisiishie mwaka wa pili

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tujadili jambo hili kwa hoja, na ambao hawakusoma udaktari wachangie pia, maana wao ndio wanaolala vitandani.

Wengi wetu tuliosoma MD, shahada ya udaktari, hapa Tanzania tulipita njia moja. Miaka miwili ya mwanzo ni sayansi za msingi: anatomia, fiziolojia, biokemia na wenzake. Unapiga msuli, unafanya UE, mtihani wa chuo wa kumaliza muhula, ukipona unavuka kwenda wodini. Ukishavuka, hakuna karatasi itakayokurudisha kwenye biokemia. Mwaka wa tano unapimwa tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na zile sayansi zinahesabika kama mto uliokwisha kuuvuka.

Sasa nieleze usiku mmoja. Saa tisa, analetwa binti wa miaka 19 mwenye kisukari, anahema kwa kina, pumzi ina harufu ya tunda lililoiva mno, glukomita imeandika HI tu, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kupima. Daktari tarajali niliyekuwa naye zamu, kijana mwenye bidii kweli, alitundika dripu ya chumvi upesi na kwa usahihi. Kisha akachota insulini. Nikamuuliza potasiamu ni ngapi. "3.0, Dokta. Iko chini kidogo, tutairekebisha asubuhi." Nikamshika mkono uliokuwa na bomba la sindano. Nikamuuliza insulini inaifanya nini potasiamu. Kimya.

Insulini inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Ile 3.0 ingeporomoka ndani ya muda mfupi na moyo ungeweza kupoteza mpigo wake. Tukatanguliza potasiamu, tukasubiri ivuke 3.5, ndipo tukaanza insulini. Binti alirudi nyumbani kwa miguu yake. Ila maneno ya yule kijana kulipokucha hayajanitoka: "Dokta, hiyo niliijua mwaka wa pili."

Simlaumu. Aliijua, akaifaulu, akaiacha pale alipoifaulia.

Pendekezo langu ni mtihani wa maendeleo, ule ulioanzishwa miaka ya 1970 Maastricht, Uholanzi, na kule Kansas City, Marekani. Wanafunzi wote, wa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, wanakaa siku moja na karatasi moja, na maswali ni ya kiwango cha mtu anayehitimu. Sayansi za msingi na tiba zimechanganywa humo. Maastricht wanaufanya mara nne kwa mwaka. Wa mwaka wa kwanza anapata kidogo, na ndivyo inavyotarajiwa. Kinachotazamwa ni kama anapanda. Katika mtindo wake wa awali kulikuwa na chaguo la "sijui": ukilichagua hupotezi kitu, ukibahatisha ukakosa unakatwa. Mimi nalipenda sana hilo, kwa sababu daktari asiyeweza kutamka "sijui" namwogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwanafunzi, MD4 (mwaka wa nne)

Shikamoo Dokta. Kwa heshima zote, napinga. Sisi tuna rotesheni za wodi hadi wodi, logibuku za kujaza kila tulichofanya, zamu za usiku na kesi za kuwasilisha kwenye raundi. Ukileta karatasi nyingine umeleta sapu nyingine, yaani kurudia mtihani, na baada ya sapu ni disko, kufukuzwa chuo. Kuna wenzetu wamerudi nyumbani mwaka wa nne na deni la mkopo bila cheti. Mwaka wa kwanza wa mtihani huo tutausoma kweli, mwaka wa pili pasti pepa zitakuwa zinauzwa stesheneri. Tutakariri, kama tunavyokariri sasa.

Tabibu, kituo cha afya

Mimi si daktari, ni tabibu, ila napokea madaktari wanafunzi wanapokuja vijijini kwa mafunzo. Tatizo ninaloliona haliko kwenye karatasi. Nimepokea kijana anayetaja vimeng'enya vyote vya ini, lakini hajawahi kugusa bandama iliyovimba akajua ameigusa. Mtoto wa mama mmoja alitobolewa mara sita kutafutiwa mshipa. Kama kuna fedha za kuongeza mtihani, ziende kwenye OSCE, ule wa vituo, kengele ikilia unahamia kwa mgonjwa mwingine. Harden aliuleta kule Dundee mwaka 1975 kwa sababu hiyohiyo: mkono na mdomo wa daktari navyo vina mtihani wake.

Mhadhiri, fiziolojia

Naunga mkono mada, lakini naanza na kosa letu walimu. Miaka mingi nilikuwa nauliza "Taja kazi tano za figo." Wanataja, natoa alama, tunaagana. Siku moja nikalibadilisha. Mzee wa miaka 70 anatumia enalapril kwa presha. Ameharisha siku tatu, goti linamuuma, amenunua diklofenaki duka la dawa, leo mkojo umekuwa kidogo mno. Eleza figo zimegomaje.

Wale wale waliotaja kazi tano bila kukosea walikwama. Na yote yamo kwenye fiziolojia niliyowafundisha mwenyewe: kuharisha kumepunguza maji mwilini, diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalapril inalegeza ule unaoitoa, kwa hiyo msukumo ndani ya chujio unaanguka. Mzee wa namna hii yuko kila wilaya. Swali kama hilo huwezi kuliita la sayansi ya msingi wala la kliniki, na kijana wa MD4 hawezi kulijibu kwa kukariri pasti pepa, kwa sababu kesho nitabadilisha dawa na ugonjwa.

Kwa hiyo, ndugu mleta mada, ukileta mtihani wako na maswali ya "taja", umetuongezea karatasi tu.

Daktari, ughaibuni

Niko Marekani, nimepita Step 1 yao, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari. Maswali 280 kwa siku moja, karibu yote sayansi za msingi. Zamani matokeo yalikuja kwa tarakimu tatu, na hospitali zilichuja waombaji wa ubingwa kwa namba hiyo. Watu waliacha kuhudhuria vipindi vya chuo, wakaishi na benki za maswali. Tangu Januari 2022 majibu ni kufaulu au kufeli tu. Mwaka huohuo waliofaulu kwa mara ya kwanza walipungua, na mbio zikahamia Step 2 CK, mtihani unaofuata wa maarifa ya kliniki, ambao bado unatoa namba. Ninachowaomba nyumbani: mkiufanya, alama zisitumike kupanga nani apate nafasi wapi. Mkifungua mlango huo hamtaufunga.

Mleta mada

Ahsanteni. Mdogo wangu wa MD4, hofu yako ina msingi, na mimi mwenyewe nilishakula sapu. Ndiyo maana nasema mtihani huu peke yake usimdisko mtu. Anayeshuka mara mbili mfululizo aitwe na mwalimu, wakae, watafute tatizo liko wapi. Na karatasi inayogusa udaktari mzima huwezi kuikesha usiku mmoja, hivyo huna pa kuanzia kukariri. McMaster, Kanada, chuo kilichokataa mitihani ya kukariri tangu mwanzo, wahitimu wake walipozidi kuanguka mtihani wa leseni walianzisha mtihani wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanaofeli wakapungua. Hawakuurudisha mtindo wa zamani.

Tabibu, nakubaliana nawe moja kwa moja kuhusu mikono. Lakini yule binti wa kisukari, mshipa ulipatikana mara ya kwanza. Mkono wa kijana ulikuwa mzuri. Kilichokaribia kumponza hakionekani kwenye kituo cha OSCE cha dakika tano.

Gharama ni kweli. Uholanzi vyuo kadhaa vinatunga karatasi moja kwa pamoja. Muhimbili, KCMC na Bugando walishakaa meza moja kuoanisha mitaala, basi benki ya maswali haiwashindi. Nimeanza kutunga yangu, mlikosoe hili: *Binti wa miaka 19 mwenye kisukari, sukari imepanda sana, potasiamu ni 3.0. Utaanza na nini baada ya dripu ya chumvi? (a) insulini, (b) potasiamu, (c) bikaboneti, (d) sijui.*

Mhadhiri, fiziolojia

Jibu umelitoa kwenye swali. Usimtajie potasiamu. Mpe karatasi nzima ya maabara, sodiamu, kloraidi, kreatinini na vyote, aitafute mwenyewe kama alivyotakiwa kuitafuta saa tisa usiku. Na (b) isikae peke yake, mtake aseme kwa nini. Nitumie mengine kumi, nitakaa nayo wikiendi hii.