Tupeane uzoefu: nani hapa Kusini aliambiwa "una aleji" kumbe ni kitu kingine?

DadaWaChuno (mleta uzi)

Habari za jioni wana Kusini. Naanzisha uzi huu nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi kwenye shughuli ya jirani hapa Mtwara, mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, alipewa kashata ya korosho na mama mmoja. Nikampokonya kabla haijafika mdomoni. Yule mama akanuna: "Mtoto wa Mtwara asile korosho? Na wewe si ulikuwa unasema una aleji ya korosho, mbona leo unazitafuna?"

Na kweli nilikuwa nasema hivyo, ndiyo maana nataka tuongee.

Mimi nimekua nikibangua. Msimu ukifika, bibi alichoma korosho kwenye kipande cha bati kilichotobolewa matundu. Zikishika moto anazimwagia mchanga, zikipoa sisi watoto tunakaa chini kuzigonga. Wenye akili walijipaka majivu viganjani kwanza, mimi nilikuwa mvivu. Kila mwaka vidole vilibabuka, vikawa vyeusi, ngozi ikatoka vipande vipande. Mwaka mmoja nikajifikicha jicho, uso ukavimba siku tatu. Hapo ndipo nikabandikwa jina la "mwenye aleji ya korosho", nikakaa miaka kumi bila kuonja hata punje. Kumbe adui ni yale mafuta meusi ya kwenye ganda. Yanababua ngozi ya mtu yeyote, na kuna ambao ngozi yao huzidi kuyachukia kadiri wanavyoyagusa. Punje iliyobanguliwa vizuri haina neno na mimi.

Sasa mtoto. Alikuwa na mwaka na miezi minane, akapewa uji wa lishe wenye unga wa korosho, vijiko vitatu. Bakuli halijaoshwa, midomo imeshavimba. Mgongoni vipele kama vya mbu, vikubwa, vimeungana. Akatapika, kisha nikasikia kifua kinapiga filimbi. Dada anahangaika kutafuta piritoni kwenye droo. Kijana wa bodaboda, Mungu amweke, ndiye aliyetushtua: "Dada, huyu pumzi inakata, pandeni." Nesi hakuuliza mengi. Alimlaza, akamchoma adrenalini pajani. Dakika chache mtoto akalia kwa sauti yake yote, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Tukabakizwa hadi usiku, maana hali hiyo huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mtu hajala tena.

Korosho ni ile ile, sisi wawili na mambo mawili tofauti kabisa. Haya, leteni yenu: ulikula nini, ilichukua muda gani, na mwisho ikaonekana ni nini.

Nahodha_Msimbati

Dada yangu pole, na hongera kwa kuwahi. Mimi wangu ni mkasa wa samaki.

Tulirudi na jodari, barafu iliisha njiani, jua unalijua. Samaki hakunuka, macho yake yalikuwa mazuri. Mke wangu akapika mchuzi. Nusu saa haijafika, mimi uso mwekundu na joto kama nimeinamia jiko, moyo unadunda, kichwa kinagonga. Namwangalia mke, naye vilevile. Watoto wawili kati ya watatu vilevile. Mdogo wangu aliyekuja kusalimia akala kipande kimoja, akaanza kujikuna.

Tulipofika kituo kimoja cha afya tukaandikiwa "aleji ya samaki", na mimi binafsi nikaambiwa nisile samaki tena maishani. Mvuvi! Nikauliza, nile nyavu?

Miezi miwili nikala dagaa kwa wizi kama kijana anayeficha sigara, hakuna tatizo. Nikala jodari aliyetoka majini saa hiyo hiyo, kimya. Baadaye ofisa mmoja wa uvuvi ndiye aliyenifungua macho. Samaki wa jamii ya jodari na vibua akikaa kwenye joto, bakteria hugeuza nyama yake ikajaa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huimwaga mtu akipata aleji. Kwa hiyo dalili zinafanana, ila hiyo ni sumu kutoka kwenye samaki, haitoki kwako. Tena kupika hakuiondoi, hata ukaange mpaka awe mkaa.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni rahisi. Sahani moja ikiangusha watu watano, mchunguze samaki kwanza kabla ya kulaumu damu za watu. Na barafu sasa nanunua ya kuzidi.

Chinga_Mtoro

Mimi nikila maharage tumbo linajaa upepo mpaka nafukuzwa chumbani. Ni aleji?

DadaWaChuno

@Chinga_Mtoro hapana kaka, hayo ni maharage tu. Loweka usiku, mwaga maji, halafu uombe radhi nyumbani.

Ticha_Nachingwea

Nimecheka, ila wa kwangu unafanana na wa Chinga.

Nimeoa kwa Wasukuma, wale waliohamia huku kwetu Lindi na mifugo. Siku ya kwanza ukweni baba mkwe akaniletea maziwa, kikombe cha chuma kile cha lita nzima, yametoka kwa ng'ombe muda ule. Mimi Mmwera, kwetu maziwa ni yale ya kuvunjia weusi wa chai. Ila mkwe amekaa mbele yangu anatazama. Nikanywa yote, nikashukuru.

Saa tatu usiku tumbo likaanza kunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nilikwenda chooni mara sita, na choo kiko nyuma ya zizi, na mbwa wa wafugaji hawamjui mkwe. Asubuhi mama mkwe akanipa mgando, nikataka kulia. Nikanywa kidogo kwa heshima, na ajabu, hakuna kilichotokea.

Nafundisha baiolojia na bado sikuunganisha mambo mpaka nilipotulia. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya cha kuivunja, na watu wazima wengi duniani hicho kimeng'enya hupungua baada ya utoto. Isiyovunjwa inachachuka utumbo mkubwa, inavuta maji, na ndiyo hiyo safari ya zizini. Kwenye mgando bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari. Huku Kusini mbung'o na ndorobo hawakuwaacha mababu zetu wafuge ng'ombe wengi, ila jamii za wafugaji zina historia nyingine. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan: kuna mabadiliko yanayowawezesha wengi wao kunywa maziwa ukubwani, na si yale yaliyoko kwa Wazungu. Yamezuka kivyake huku kwetu.

Kwa hiyo mimi si mgonjwa. Kikombe kidogo pamoja na chakula napatana nacho, lita nzima hapana. Baba mkwe nilimweleza, akasema ni ushamba tu. Tumeishia hapo.

Tabibu_Mstaafu

Nimesoma wote. Nimekaa dirishani kwa wagonjwa miaka mingi huku Mtwara na Lindi, na nakiri kwamba hata sisi tulikuwa tunaandika "aleji" kwenye daftari la mgonjwa pale tulipochoka kufikiri.

Nilijifunza kuuliza saa kabla ya kuuliza chakula. Aleji ya kweli ya chakula mara nyingi haikawii, ni dakika chache, kwa kawaida haivuki saa mbili. Inashika ngozi, midomo, kifua, tumbo, na chembe tu inatosha kuiamsha, kwa sababu kinga ya mwili ndiyo iliyokosea adui. Tumbo kukataa chakula, kama la Ticha, linakwenda kwa kiasi: kidogo kinapita, kingi kinakutesa, lakini hakikuui. Binti wa Chuno, piritoni inatuliza vipele lakini haifungui koo lililoziba. Kifua kikishaingia, dawa ni adrenalini, na mgonjwa alale, asisimamishwe wala kutembezwa. Mwenye shida ya kupumua aachwe akae.

Pia kuna wanaopita na vipimo vya damu vya "vyakula mia moja", unalipa pesa ndefu, unarudi na orodha ya kuacha mayai, nyanya, mchele na kila kitu. Vingi vinapima IgG, kingamwili inayoonyesha tu kwamba chakula hicho umeshakila. Nimewaona watoto waliokonda kwa sababu ya orodha hizo.

Mtoto akitoka kwenye kuhara sana anaweza kukataa maziwa kwa wiki kadhaa kisha akarudi sawa, msimpe jina la kudumu. Na kabla ya kulaumu ngano, tumbo la huku lipimwe minyoo na vijidudu vya giadia kwanza.

Ua_la_Lindi

Shikamoo baba tabibu. Hapo kwenye ngano ndipo pangu. Nitaandika kwa urefu, mnisamehe.

Mimi ni wa Lindi mjini, upande wa mama tuna asili ya Kihindi. Kuanzia miaka ishirini na mbili nilikuwa sina damu. Nameza vidonge vya madini ya chuma, inapanda kidogo, nikiacha inashuka. Vidonda mdomoni, choo laini kinachoelea, mwili unaisha. Nimetibiwa taifodi sijui mara ngapi. Nimetibiwa vidonda vya tumbo. Shangazi akasema ni jicho la watu. Ukitaka kunijua, njoo Ramadhani: sambusa, chapati, tambi za sukari, na ifikapo Idi mimi niko kitandani.

Bibi mzaa baba akafariki kijijini, nikakaa kule mwezi mzima na nusu. Ugali wa muhogo, wali wa nazi, mtama, kisamvu. Mkate hakuna, duka liko mbali. Nilirudi mjini sketi imenibana. Ndiyo kwanza nikajiuliza, kule kijijini nilikosa nini?

Nikaacha ngano mwenyewe, nikapona nusu, kisha nikaenda Dar kupima. Damu ikasema sina kitu! Daktari akaniuliza, "Ngano umeacha lini?" Nikamwambia kwa majivuno, miezi mitano. Akashika kichwa. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza glutini ikiwa inaingia; glutini ndiyo protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai. Ukiacha, zinapungua na kipimo kinakudanganya. Nikarudishwa kula mkate kila siku kwa wiki sita. Wiki ya pili nilikuwa nalia huku natafuna. Damu ikaonyesha. Wakapitisha kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba, wakanyofoa vipande vidogo kwenda kupima. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vilikuwa vimelala bapa, kama zulia lililokwisha. Ndiyo maana damu haikai: chuma naimeza, ila hakuna pa kuifyonza.

Jina lake ni siliaki. Siyo aleji, koo halitazibika nikila andazi. Na siyo kama maziwa ya Ticha, kwamba kidogo kinapita. Kinga yangu inaula utumbo wangu kila glutini ikiingia, hata siku ambazo sisikii maumivu. Wakasema ndugu wa tumbo moja wapimwe. Mdogo wangu wa kiume, mcheza mpira, mnene wa afya, naye anao.

Tiba ni kuacha glutini maisha yote. Huku Kusini Mungu ametuhurumia: muhogo, mchele, mahindi, mtama, ulezi, vyote salama. Taabu iko kwenye yasiyoonekana. Mihogo ya kukaanga ya barabarani inapita kwenye mafuta yaliyotoa maandazi. Vitumbua ni vya mchele, lakini muuzaji mwingine anaongeza unga wa ngano vishikane. Sosi ya soya. Uji wa lishe ambao mfuko umeandikwa nafaka tano na ya tano ni ngano. Siku hizi unga wangu nasagisha baada ya mtu wa mahindi, siendi nyuma ya mtu wa ngano, na mwenye mashine ananiita "mama masharti".

Tabibu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kisa chako cha kijijini kimenikumbusha Mholanzi mmoja, daktari wa watoto, Willem Dicke. Alishaishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ikaja njaa ya vita Uholanzi, 1944 kuingia 1945, mkate ukaadimika, na watoto aliowatibu wenye ugonjwa huo wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofu. Mkate uliporudi, nao wakarudi wodini. Wewe njaa yako ilikuwa matanga ya bibi.

Dawa_Asilia_Original

Aleji zote zinaisha kwa siku 7!! Unga wa mizizi, njoo inboksi.

Nahodha_Msimbati

@Dawa_Asilia_Original na ya barafu kuisha njiani unayo?

Mama_Newala

Niongeze la muhogo, maana nimeona unasifiwa hapa. Kwetu juu kwenye uwanda wa Makonde tuna ule mchungu. Ukikaushwa harakaharaka mwaka wa njaa, mtu anakula ugali, kichwa kinauma, anatapika, kizunguzungu, halafu wanasema "muhogo umemkataa". Haujamkataa, ni sianidi, sumu ya kwenye muhogo wenyewe. Ikizidi wiki kwa wiki na mboga hakuna, miguu inakakamaa, huo ugonjwa unaitwa konzo na umeshaonekana Mtwara yetu hii. Sisi tulifundishwa kulowanisha unga kwa maji, kuutandaza mwembamba kwenye mkeka saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inaondoka na hewa, kisha unasonga siku hiyohiyo. Ua_la_Lindi, usagishe wako unaoujua ulikotoka.

Ua_la_Lindi

Asante sana mama. Hilo nilikuwa silijui kabisa.

DadaWaChuno

Nimesoma kila neno, na dada yangu nimemsomea kwa sauti. Swali lake kwa baba tabibu ni kama mtoto aache na karanga.

Tabibu_Mstaafu

Karanga ni ukoo wa maharage, korosho ni ukoo wa embe. Kama alikuwa anakula karanga bila shida, hakuna sababu ya kumnyima. Kama hajawahi kuionja, aonjeshwe kwa ushauri wa daktari, msijaribie nyumbani. Pistashio, hiyo ni ndugu wa damu wa korosho, asiguse.

DadaWaChuno

Nimekuelewa baba.

Nyongeza, saa hii. Yule mama wa Jumamosi kamtuma binti yake getini na sahani imefunikwa kawa. Kashata za nazi. "Mama anasema hizi ni za mtoto, hazina korosho, na msimkasirikie." Moyo ukalainika kweli. Nikamuuliza binti, mama alipikia sufuria gani?

"Ile ile ya Jumamosi."

Nimezila mimi. Ni tamu.