Waandishi wanane na supu ya asubuhi, itatosha?

Wadau, nashughulikia habari za kiwanda kidogo cha korosho hapa Mtwara. Mwaka jana tuliita waandishi 40 hotelini. Walikula, wakachukua bahasha, ikatoka habari moja, tena jina letu limekosewa! Safari hii nataka wanane tu, supu na chapati palepale kiwandani. Nakosea wapi?

— Usiweke jioni, mhariri anakuwa anadai stori. Saa tatu asubuhi poa.

— Nauli toa hadharani, wasaini. Bahasha ya kificho inanunua aya mbili tu.

— Mimi ripota. Hotuba ya meneja futa. Niache nikae na mama anayebangua, vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda. Nitarudi hata bila kualikwa.

— Muulizaji tena: meneja keshaandika kurasa sita. Niombeeni.