Kelele za majirani, mabati na klabu: tupeane uzoefu wa kuzuia sauti kwa nyumba

Mpangaji_58
Wadau wa Nakuru, Kisumu na Western yote, wacha tukusanye hapa venye kila mtu amepambana na kelele kwa nyumba, yaliyosaidia na yaliyokula pesa bure. Naanza. Hizi ploti zetu za Nakuru za nyumba zimeshikana kwa laini moja, ukuta wa mawe wenyewe ni mzito wa kutosha, shida iko juu. Fundi anaishia ukuta pale siling bodi inaanza, kwa hivyo kati ya siling na mabati ni uwazi mmoja wa ploti nzima, jirani akikohoa sauti inapanda kwake inashuka kwangu. Landlodi alikubali, fundi akapandisha ukuta mpaka ukagusa mabati na yale mawimbi ya bati akayaziba na simiti. Redio ya jirani saa hii naskia besi tu, maneno siskii. Na mlango nao nikaweka raba pande zote na ile ya kufagia chini, kwa sababu ukiona mwanga unapita chini ya mlango ujue sauti nayo inapita.

Trei za mayai tafadhali tuachane nazo. Trei na sponji zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, ya jirani itakufikia tu. Kuzuia kupita kunataka uzito na kila ufa uzibwe.

Mwalimu wa Kakamega
Mvua ya huku mnaijua. Darasa langu halina siling, mabati ni geji 30, mawingu yakifunga alasiri mvua ikianza nawacha kuongea, naandika ubaoni watoto wanakopi mpaka iishe, na hao wa nyuma wenye macho mabovu wanapotea tu. Hii inaniuma sana kwa sababu ni vipindi vinaenda kila msimu wa mvua. Bati jembamba likipigwa na matone linatetemeka lote kama ngozi ya ngoma. Kwangu nyumbani nilinunua geji 28 (namba ikishuka bati ni nene zaidi), nikapiga siling ya jipsamu na juu yake nikatandika pamba ya glasi (fundi avae glavu na maski, inawasha vibaya). Mvua naiskia lakini tunaongea kawaida na simu napokea. Wenye pesa imezidi kidogo waangalie yale mabati ya vigae yenye chembe za mawe juu, hayapigi kelele hivyo. Shule zikijengwa siling ingekuwa lazima, si urembo.

Nyar Kisumo
Sisi wa Kondele adui ni klabu. Na Kisumu kuna joto, ukifunga dirisha unaiva, ukifungua unalala na diijei. Sheria iko upande wetu: kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA, ile mamlaka ya mazingira, zinasema ndani ya nyumba ya kuishi mwisho ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa 2:01 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mjue desibeli 10 zikiongezeka sikio linaona kelele imekuwa mara mbili. Tulizungushwa mpaka tukaandika barua moja wapangaji wote, tarehe na saa za kila usiku zikiwa ndani, ndio spika zikageuzwa zikaacha kuangalia barabara. Kwa nyumba nilitoa yale madirisha ya vioo vya kupandana, hayafungi kabisa hayo, nikaweka ya kusukuma yenye raba. Hewa inapita kwa tundu za juu ambazo fundi amezifunika na boksi la mbao lenye kona mbili, ndani limebandikwa sponji. Hapo ndio sponji inafanya kazi, hewa inakata kona, sauti inamezwa njiani.

Poshomili Bungoma
Nyinyi mnalalamika, mimi ndio mwenye mashine hahaha. Lakini nina majirani wazee na nawaheshimu. Injini ya dizeli ukiifunga bolti moja kwa moja kwa sakafu iliyoshikana na nyumba, ukuta wote unaimba. Nilimwagia mashine msingi wake pekee, nafasi ya vidole viwili kutoka kwa sakafu, na chini ya chuma nikaweka vipande vya tairi kuukuu. Mtetemo uliisha kwa jirani. Mlio wa ekzosi dawa yake ni sailensa, na iangalie juu.

Brayo wa Pipeline
Mimi niko flati Nakuru, floo ya pili, juu wanatwanga njugu kwa kinu saa nne usiku. Nikiweka siling ya jipsamu nitapona?

Mpangaji_58
@Brayo kidogo sana ndugu. Kinu, viatu na viti vinagonga slabu na hiyo simiti inabeba kishindo mpaka kwa nguzo, hata wa chini kabisa anaskia. Inazuiwa kule juu inakoanzia. Panda umwongeleshe mama kwa heshima, umpelekee zile karpeti za raba za gari akunje mara mbili aweke chini ya kinu, na miguu ya viti ivalishwe raba. Kwa flati ya shemeji yangu hiyo tu ilitosha. Kama kuna mwenye amejenga akaweka tabaka laini kati ya slabu na skridi (ile simiti ya kusawazisha sakafu) kabla ya tailizi, aseme alitumia nini na fundi alimchaji ngapi.