Presha ya kliniki na ya nyumbani hazilingani, niamini ipi?

MamaKijacho
Wataalamu, naombeni mwongozo. Mimba ya kwanza, wiki ya 24. Kliniki nilipimwa 132/84, mkojo hauna protini. Mashine yangu ya nyumbani inasoma 146/92 jioni, nikirudia baada ya dakika kumi inaleta 129/81. Kichwa hakiumi, miguu inavimba kidogo jioni. Namba ipi ndiyo yenyewe, na ni lini nisisubiri tarehe ya kliniki? Na asprini ya kukinga kifafa cha mimba, nimeshachelewa?

Mkunga_wa_Zamu
Hongera, dada. Tuanze na upimaji wenyewe. Kakojoe kwanza, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Keti kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage sakafu, usikunje nne. Tulia dakika 5 bila kuongea wala kuchezea simu. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya nguo, na ukingo wake wa chini uwe vidole viwili juu ya kikunjo cha kiwiko. Mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, uandike zote mbili na saa. Usichague iliyokufurahisha!

Wengine hupima wakiwa wamelalia ubavu wa kushoto, mkanda uko mkono wa kulia. Mkono huo unakuwa juu ya moyo, namba inashuka, mtu anafarijika bure.

Sasa niambie: mkono wako, katikati ya bega na kiwiko, una mzunguko wa sm ngapi? Na mkanda umeandikwa ngapi?

MamaKijacho
Asante. Mkono ni sm 35. Mkanda umeandikwa 22–32.

Mkunga_wa_Zamu
Hapo ndipo penye kasoro. Mkanda mdogo husoma juu kuliko presha ilivyo. Tafuta wa 32–42. Lakini ile 146/92 usiipuuze kwa sababu hiyo. Kesho nenda kliniki na mashine yako, upimwe kwa yao na yako papo hapo. Mashine nyingi za nyumbani hazijahakikiwa kwa wajawazito, na kifafa cha mimba kikinyemelea baadhi husoma chini.

Dkt_Wodini
Niongezee mipaka. Baada ya wiki ya 20, ukifika 140/90 mara mbili, vipimo vikipishana saa 4 au zaidi, hiyo ni presha ya ujauzito. Namba moja kati ya hizo mbili ikivuka inatosha. Mkojo safi haukutoi hatarini: kifafa cha mimba kinaweza kuonekana kwanza kwenye damu, ini au figo, ndiyo maana vipimo vya damu huagizwa.

160/110: rudia ndani ya dakika 15. Ikibaki hapo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na hata namba zikiwa nzuri, usisubiri ukiona haya: kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, kupumua kwa shida, uso na vidole kuvimba ghafla. Miguu kuvimba jioni tu ni kawaida kwa wajawazito wengi.

Mfamasia_Kaunta
Kuhusu asprini: dozi ndogo, mg 75 hadi 150, mara moja usiku. Hufaa zaidi ikianza kati ya wiki ya 12 na 16. Wapo madaktari wanaoianzisha hadi wiki ya 28, ila faida inapungua. Mimba ya kwanza peke yake haitoshi kuandikiwa. Mwenye historia ya kifafa cha mimba, mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya tangu zamani ndiye wa kwanza kufikiriwa. Usijianzishie, na kile kidonge cha maumivu cha mg 300 si mbadala.

Ukipewa kalisiamu, usiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma, zinazuiana. Ziachanishe kwa saa kadhaa. Ibuprofeni na diklofenaki ziweke kando: baada ya wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Dawa za presha nazo si zote: methildopa, labetalo na nifedipini hutumika, enalapri na losatani hapana.

Dkt_Wodini
Sahihi. Na mashine usiiweke kabatini ukishajifungua, dada. Presha mara nyingi hupanda siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kujifungua, wakati wengi wameshatoka wodini.