Mrejesho: Utetezi wangu katika kesi ya Dar es Salaam umepokelewa

Assalaam alaikum ndugu zangu. Niliuliza hapa, nikiwa Wete, Pemba, kama siku za kujibu madai ya deni niliyofunguliwa Dar es Salaam zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye samansi (hati ya wito wa mahakama) au tangu siku niliyokabidhiwa. Nawashukuru kwa dhati mlionijibu.

Wakili amenithibitishia kwamba hesabu huanza siku ya kukabidhiwa. Kwa kuwa kesi iko Tanzania Bara, inaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai ya huko, Sura ya 33, wala si sheria yetu ya Zanzibar, na Amri ya VIII (sehemu ya sheria hiyo ya Bara) inampa mdaiwa siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Mahakama inaweza kuongeza siku 10 kwa sababu ya msingi, lakini ombi lazima lifike kabla ya muda kwisha au ndani ya siku 7 baada ya hapo. Mdaiwa akichelewa zaidi, mdai anaweza kuomba hukumu bila ya mdaiwa kusikilizwa, jambo ambalo kwa mtu aliyeko ng'ambo ya bahari ni zito mno.

Tuliwasilisha mapema, tukijibu kila aya ya madai, kwani dai lisilokanushwa waziwazi huweza kuhesabiwa kuwa limekubaliwa. Nakala alikabidhiwa wakili wa mdai, akatia saini na tarehe, nami nimeihifadhi. Sasa tunasubiri kutajwa kwa kesi.