Mama mwenye demensia anatoka usiku: mlango tuufanyeje bila kumfungia ndani?

Mlezi wa Zamu
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa vitendo.

Mama ana miaka 78, ana Alzheimer (aina ya demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), hatua ya kati. Anatembea vizuri bila mkongojo. Kati ya saa nane na saa kumi usiku anaamka, anafungua mlango wa mbele na kutoka. Ikifika saa kumi na moja jioni huanza kusema "naenda nyumbani", na yuko nyumbani. Mlango una kitasa cha kawaida na komeo moja katikati. Wengine wanasema tumfungie chumbani kwa kufuli, wengine tununue kifaa cha GPS cha kuonyesha alipo, yaishe. Nataka kujua la kufanya mlangoni, kengele ipi inafaa, na akishatoka tuanzie wapi kumtafuta.

Nesi wa Wazee
Pole sana. Kabla hujamwita fundi: tabia hii imekuja taratibu kwa miezi, au ndani ya siku chache? Kama ni ghafla, hospitali kwanza. Maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kukosa choo siku kadhaa, kupungukiwa maji au dawa mpya vinaweza kumvuruga mzee ndani ya siku mbili, na homa isionekane kabisa. Bebeni dawa zake zote, hata za kununua dukani bila cheti. Zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi huzidisha kuchanganyikiwa. Haloperidoli ya kutuliza akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kumfanya mtu asitulie: hakai, halali, anatembea tu. Familia ikiona hivyo huomba dozi iongezwe, na hali huwa mbaya zaidi.

Kama ni taratibu, chukueni daftari. Kwa wiki mbili andikeni saa aliyoinuka, alichosema, kilichokuwa kikiendelea nusu saa kabla, na saa alizokwenda haja. Anayeamka muda uleule kila usiku ana sababu, na mara nyingi ni kibofu. Anatafuta choo, gizani hakioni, anafungua mlango anaoukumbuka. Wekeni taa hafifu kutoka kitandani hadi chooni, bila kipande cha giza katikati. Taa ya choo iwake usiku kucha na mlango wake ubaki wazi. Vinywaji viishe saa mbili kabla ya kulala, lakini mchana anywe vya kutosha, maana kumnyima maji kunaleta maambukizi yaleyale. Kama anatumia dawa ya kuongeza mkojo, mwulizeni daktari kama anaweza kuimeza asubuhi.

Ya jioni: msibishane naye. "Nyumbani ni hapa" haimwingii, inamkasirisha tu. Washeni taa kabla giza halijaingia, fungeni mapazia, zimeni televisheni, mpeni kitu cha kula. Akisisitiza, semeni "haya, twende", tembeeni naye dakika kumi, kisha mrudi. Matembezi ya dakika 20 hadi 30 mchana husaidia, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa.

Fundi Vitasa
Nijibu la mlango. Komeo la katikati halimzuii kwa sababu mikono yake inalijua, na mazoea ya mikono hudumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya majina. Liacheni hapo hapo, aendelee kuhangaika nalo. Ongezeni la pili juu kabisa, sentimita 10 hivi kutoka ukingo wa juu. Wagonjwa wengi wa hatua ya kati hawainui macho kutafuta. Watu huweka chini pia, mimi sipendi: akiligundua atainama, na akiinama ataanguka.

Liwe komeo la kusukuma, lisilo na ufunguo. Mlango wa plaiwudi wenye uwazi ndani haushiki skrubu katikati, hivyo fungeni kwenye mbao nzima ya pembeni, la sivyo litang'oka kwa kuvutwa mara chache. Kisha zimeni taa zote na kila mtu wa nyumba ajaribu kulifungua gizani. Anayeshindwa ndani ya sekunde chache atashindwa pia moshi ukijaa. Kwa sababu hiyohiyo, kitasa kinachotaka ufunguo pande zote mbili msikitie.

Baada ya hapo fungeni pazia la rangi ya ukuta juu ya mlango mzima, lifunike na kitasa. Asichokiona mara nyingi hakitafuti. Viatu vya kutokea, mkoba na funguo visikae karibu na mlango, kwani kuviona tu kunamkumbusha safari. Msizidishe, mkificha viatu vyote atatoka peku.

Kijiti
Mnamzungusha bure. Kufuli kwa nje ya chumba usiku, asubuhi unafungua. Kwisha.

Nesi wa Wazee
@Kijiti, hapana. Moto ukizuka au umeme ukileta hitilafu, yeye hawezi kutoka wala hawezi kueleza alipo. Akiamka kutafuta choo akakuta mlango haufunguki, atapiga mlango, atapanda dirisha, atajikojolea na kuteleza. Nchi nyingi pia zinahesabu hilo kuwa kumzuilia mtu kinyume cha sheria. Na dawa za usingizi si kufuli mbadala: atatoka vilevile, ila akiyumba. Komeo la juu linafaa pale tu kuna mtu mzima ndani aliye tayari kulifungua. Mkimwacha peke yake, hata komeo hilo ni kumfungia.

Mlezi wa Zamu
Nimeelewa. Kengele ya mlango haitamtisha? Na ule mkeka wa kengele wa kuweka kando ya kitanda, unaolia ukikanyagwa, unafaa?

Zamu ya Usiku
Kengele isilie alipo yeye, ilie ulipo wewe. King'ora kikali kinamfanya akimbie, na anakimbilia nje. Tafuta kihisi cha sumaku chenye kipokezi kinachochomekwa kwenye soketi ya chumba chako. Kina vipande viwili: kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mlango, upande wa kitasa na si wa bawaba, kwa sababu upande wa bawaba mlango unafunguka sana kabla havijaachana. Nafasi kati yao mara nyingi isizidi sentimita 1 hadi 2, soma karatasi iliyokuja nacho. Kwenye mlango wa chuma sumaku inavurugika, kwa hiyo weka kipande cha plastiki au mbao chini yake. Gundi ya karatasi huachia kwenye vumbi na joto, ongeza skrubu. Jaribu kila wiki kwa kufungua mlango, si kwa kubonyeza kitufe cha majaribio, maana kitufe kinapima kipokezi tu.

Lakini ikilia mlangoni, ameshafika mlangoni. Ndiyo maana mkeka ni mzuri, kwani unakuamsha anaposhusha miguu. Unashindwa kwa mambo matatu: anashukia upande mwingine (sogeza kitanda kiguse ukuta), anauruka kwa kudhani ni shimo (chagua rangi ya sakafu, kamwe usiwe mweusi), au unateleza (bandika kingo zote nne). Ukishindwa, tumia kihisi mwendo. Kiweke chini, usawa wa goti, kitazame mbele ya kitanda kwa upande, la sivyo kila akijigeuza utaamka. Baada ya usiku kadhaa wa kuamshwa bure utakizima, na ndipo atakapotoka.

Bando Limekata
GPS haizuii mtu kutoka, inapunguza tu muda wa kumtafuta. Kinachoiua ni vitu vidogo: chaji imeisha, bando limekwisha, au kifaa kimebaki mezani. Ikituma mahali alipo kila dakika moja, betri inaisha upesi. Iweke kila dakika 10, na uwe umejifunza kuibadilisha akipotea. Ndani ya majengo inakosea. Ukiweka mpaka wa onyo wa mita 30 kuzunguka nyumba, itapiga kelele akiwa amekaa sebuleni. Anza na mita 100 au zaidi. Chaji wakati anaoga, kila siku muda uleule. Hakikisha pia aina ya mtandao inayotumia bado inafanya kazi kwenu, vifaa vya bei rahisi vingi ni vya 2G tu, mtandao wa simu wa zamani.

Vile vidude vya kutafutia funguo havina GPS. Vinategemea simu ya mtu mwingine kupita karibu. Mjini vinasaidia kidogo, porini havisaidii.

Na mwulizeni mama mwenyewe wakati bado anaelewa. Aliyekubali kukivaa hakivui kirahisi.

Mwokozi
Akitoka: mmoja akague nyumba nzima upesi, chini ya vitanda, kabatini, stoo, ndani ya gari, nyuma ya milango. Mwingine aanze nje wakati huohuo. Dakika 15 zikipita bila kumpata, pigeni polisi na mseme waziwazi kuwa ni mgonjwa wa demensia, ili asihesabiwe kama mtu mzima aliyeamua kuondoka. Msisubiri saa 24, hizo ndizo saa za kumpata mzima.

Anzeni na hatari iliyo karibu zaidi: kisima, bwawa, mto, mtaro, barabara kuu. Halafu njia za zamani kama kazini kwake, nyumba aliyokulia, mahali pa ibada. Wengi hawaendi mbali, ila huenda mbele tu mpaka wakwame, kwa hiyo angalieni vichakani, kwenye ua, kwenye kona zisizo na njia. Kuita jina hakutoshi kwa sababu wengi hawaitiki hata wakisikia. Fikeni kila kichaka na mtazame kwa macho.

Kijiti
Nasikia anayetumia mkono wa kulia hukata kulia.

Mwokozi
Husemwa, na unaweza kuanzia huko kama hamna dokezo lingine. Usiache upande wa kushoto bila mtu.

Andaeni karatasi mapema: picha ya karibuni ya uso na ya mwili mzima, urefu, alama za mwili, dawa, sehemu anazopenda, jina la utotoni analoitikia. Uingereza polisi wana fomu ya namna hii, Herbert Protocol, iliyopewa jina la George Herbert, askari mstaafu wa Vita vya Pili vya Dunia aliyekuwa na demensia. Nyie andikeni yenu. Nguo alizovaa mzipige picha kila jioni.

Akipatikana mwendeeni kwa mbele, polepole, mtu mmoja anayemjua. Msimkaripie. Kagueni nyayo, kichwa na nyonga. Kama alikaa juani au kwenye baridi, au amelegea kuliko kawaida, apelekwe hospitali.

Mlezi wa Zamu
Na bangili, tuandike nini?

Zamu ya Usiku
Jina lake la kwanza, "nina tatizo la kumbukumbu", na namba mbili za simu za watu wawili tofauti. Anwani ya nyumba usiandike. Kifungo kiwe kile kinachotaka mikono miwili kukifungua, na mvalishe mkono anaotumia zaidi, maana kukivua kwa mkono mwingine kutamshinda. Namba hizohizo ziandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya kola ya kila nguo, pamoja na nguo za kulalia.